Nani Ashike Kichwa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na mnisikilize. Sisemi ili mnionee huruma. Huruma nimepewa ya kutosha kanisani, na haikunisaidia kufunga kifungo hata kimoja. Nasema kwa sababu mmoja wenu ana mama au nyanya ambaye ameanza kuangusha vikombe, na nyumbani wanasema ni uzee tu. Mwingine mama yake amewekewa skrubu shingoni, na hajui nyumba inatakiwa ipangweje baada ya hapo. Nitawaeleza nilivyoona mimi. Mambo ya dawa siyajui, na majina ya Kiingereza ya ugonjwa wangu sitayataja, maana yakipita mdomoni mwangu yanatoka mengine.

Nilisoma hadi darasa la tatu kule Uvira, Kongo. Mkono wangu hauandiki tena, kwa hiyo mimi nasema na binti yangu Furaha anaandika. Akijaribu kulainisha namwambia futa.

Mtasema ubaya umepita ndiyo maana nina nguvu za kusimulia. Ni kweli umepita. Umepita kwa kuwa hakuna kikubwa kilichobaki cha kuharibika. Kupona sijapona. Hilo mlijue mapema, msije mkafika mwisho mnanitafutia muujiza.

Ilianza mwaka wa kwanza wa korona, wakati wa baridi. Tunakaa Toongabbie, hapa Sydney, Australia, nyumba ya kupanga: Furaha, mume wake, watoto wao wawili Neema na Yona, na mimi. Siku hiyo nilikuwa nasonga bugali, mwiko ukaniponyoka. Nikauokota. Ukaniponyoka tena. Nikautazama mkono kama unavyomtazama mtoto aliyekujibu vibaya mbele ya wageni. Baadaye vikawa vikombe, halafu vifungo, halafu fundo la kikwembe kiunoni. Kikwembe, ninachofunga tangu msichana, sasa vidole vinakizunguka kama vimelewa. Miguu nayo ikawa mizito. Natembea kwenye zulia kavu kama mtu anayevuka matope.

Furaha anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha wazungu wasioweza kujiogesha. Akaniona nashindwa kufungua chupa ya mafuta, akanyamaza.

"Unanyamazia nini?" nikamuuliza.

"Mama, twende kwa daktari."

"Kuna daktari wa uzee?"

"Si uzee, mama. Wazee wangu kazini wana miaka tisini na chupa wanafungua. Tena chupa za mvinyo."

Hapo ndipo nilipoanza kuishi kwenye viti vya kusubiri. Wakati ule viti vilikuwa vimebandikwa utepe: kaa hapa, ruka hapa, kaa hapa. Furaha hakuruhusiwa kuingia. Alibaki kwenye gari huko nje, ananitumia ujumbe ambao vidole vyangu haviwezi kuujibu. Barakoa inatia ukungu kwenye miwani. Unakaa, unasikia majina yanaitwa, na la kwako wanalivunja hivi kwamba hujui kama ni wewe au ni mtu mwingine mwenye bahati mbaya kama yako.

Siku moja nilitoka kupimwa na koti langu liko wazi. Nikakaa kwenye kiti changu kuhangaika na vifungo. Mwanamke mmoja mwenye kitambaa kichwani, mzee kunizidi, alinitazama kutoka upande wa pili. Sijui ni mtu wa nchi gani. Akainuka, akavuka tepe zao zote, akanifunga vifungo kuanzia chini mpaka shingoni, akapiga bega langu mara moja, akarudi kukaa. Mambo ya namna hiyo myahesabu, yatakuwa machache.

Wakaniingiza kwenye ile mashine ya kelele inayopiga picha za ndani, wakaona uti wa mgongo umebanwa shingoni. Nikadhani watapasua kesho yake. Hapana. Kwa ajili ya korona upasuaji mwingi ulikuwa umesimamishwa, na shingo yangu waliiweka kwenye zile zinazoweza kungoja. Krismasi ikapita, joto likapita. Mimi nangoja na mkono nao unaendelea kuniaga kidole kwa kidole.

Majira ya majani kukauka ndipo nikaitwa kwa daktari mpasuaji. Mwanamke mfupi, sauti ya chini, mikono midogo. Simu iliwekwa mezani, ndani yake mkalimani, Mtanzania, Kiswahili kimenyooka kama kimepigwa pasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwambie aseme, asizunguke."

Daktari akageuza kompyuta nikaona shingo yangu mwenyewe, pingili zimepandana kama sahani zilizopangwa na mtu mwenye haraka. Alisema atafungua kwa nyuma, atanue mahali palipobanwa, kisha azifunge pingili kwa skrubu na vyuma ili zisitembee. Lakini skrubu haiwekwi popote. Inapita kwenye kidaraja kidogo cha mfupa, kimoja kulia na kimoja kushoto. Upande mmoja wa kidaraja unapita mshipa wa damu unaokwenda kwenye ubongo, upande wa pili ndio uti wenyewe. Ukikosea kidogo, umemaliza mtu.

Alikuwa anapima. Anachora mstari mwekundu kwenye picha, namba inatokea, anafuta, anachora tena. Alipima kidaraja kile kama fundi nguo anayejua kitambaa hakitoshi ila hataki kusema.

"Anasema upande wa kulia mfupa unatosha kwa shida," mkalimani akasema. "Ni milimita nne na kidogo. Skrubu yenyewe ni tatu na nusu."

"Na kushoto?"

Mkalimani akakohoa. "Kushoto ni mbili na kitu."

"Skrubu ya tatu na nusu, mfupa wa mbili."

"Ndiyo, mama."

"Ni kama kupigilia msumari kwenye njiti ya kiberiti. Mtafsirie."

Akatafsiri. Daktari akaitikia kwa kichwa, hakucheka.

Nikamwambia amweleze kwamba shingo hii imebeba. Kwetu mwanamke anabeba mzigo mgongoni na kamba inapita kwenye paji la uso. Mihogo, kuni, mchanga wa kujengea, nimevibeba tangu nina miaka saba. Shingo iliyobeba hivyo itakuwaje nyembamba? Daktari akanyoosha mkono, akanigusa paji la uso, pale penye kibonde kilichochimbwa na kamba. Akapapasa kidogo.

"Anasema kwa nje shingo yako ni nene, mama. Ndani ni nyembamba. Kwa nini, hajui. Anasema vipimo vilivyo kwenye vitabu vyake ni vya watu wengine, ndiyo maana anakupima wewe mwenyewe."

Hilo nililiheshimu. Mtu mwenye elimu kusema hajui, tena kwa mwanamke wa darasa la tatu.

Kisha akasema mpango. Kulia ataweka skrubu ya kweli. Kushoto ataweka fupi, mahali pengine penye mfupa, ila haina nguvu. Kulia ndiko kutashika, kushoto kutasindikiza tu. Kwa hiyo miezi mitatu shingo isigeuke, isiiname, isitikisike. Nitavaa kola ngumu usiku na mchana.

"Muulize mikono itarudi?"

"Haahidi, mama. Anasema anachotaka ni isiendelee kupotea."

"Na shingo ikitikisika?"

"Skrubu inaweza kulegea. Na ikilegea, pengine hakutakuwa na mfupa wa kuweka nyingine."

Basi mmeelewa kilichokuwa mezani. Mkono wa kulia ulikuwa bado unashika kijiko, wa kushoto bado unashika kikombe ukiwa na adabu siku hiyo. Ndivyo nilivyokuwa navyo, na vyote vilining'inia kwenye kidaraja kile cha upande wa kulia.

Nilipasuliwa baridi ilipoanza. Sina mengi ya kusema kuhusu hilo, nililala. Nilipoamka nilikuwa natetemeka, nesi mmoja akaniletea blanketi iliyotoka kwenye kabati la moto, akanizungushia mpaka miguuni. Nikalia. Uchungu wa kisu haukuwa umeniliza. Blanketi ya moto ndiyo iliniliza, mtu mzima mimi.

Nyumbani kazi ikawa ni kola. Kola hii ina sponji ndani, na sponji inakunywa jasho na mate na supu. Kila asubuhi inafunguliwa, ngozi inaoshwa na kukaushwa, sponji nyingine inawekwa. Lakini unafunguliwa umelala chali, na lazima wawe watu wawili. Mmoja anakaa upande wa kichwani, anashika kichwa kwa mikono miwili kisisogee hata unywele. Mwingine anaosha. Mama Esta, rafiki yangu wa kanisani anayekaa Rooty Hill, alikuwa anakuja na treni ya asubuhi. Yeye anashika, Furaha anaosha.

"Kichwa chako kizito," Mama Esta aliniambia siku ya kwanza. "Umejaza nini humu?"

"Madhambi yako uliyoniambia."

"Basi usicheke, utalegeza skrubu."

Halafu korona ikapanda tena, mji mzima tukafungiwa majumbani. Huku upande wetu wa magharibi walitubana kuliko wengine, helikopta ya polisi inazunguka juu ya paa, watoto wanajua mlio wake. Wengine walisema wanaouguza wagonjwa wanaruhusiwa kusafiri, wengine wakasema ni faini. Kila mtu na WhatsApp yake. Mama Esta akaogopa kupanda treni, na mimi nikamwambia asije. Nesi wa kutembelea majumbani akachukua nafasi yake, anakuja amejifunika uso mzima, anashika, Furaha anaosha. Tukaenda hivyo wiki kadhaa. Kidonda cha nyuma kikafunga vizuri.

Sasa lazima niwaeleze jambo la mkwe, maana vijana wa huku hamlijui, au mnalijua na mnalicheka.

Kwetu mkwe wa kiume hamgusi mama wa mke wake. Hakai kwenye kitanda chake, hali naye sahani moja, hamtazami usoni. Mama naye hatamki jina la mkwe. Ni heshima. Wengine wakiona tunakaa nyumba moja na mkwe wanashangaa, lakini Sydney kodi ndiyo inayopanga nani akae na nani. Tulijipanga. Mume wa Furaha, Baba Neema, anafanya kazi ghalani Ingleburn, anaondoka alfajiri. Akirudi anapita mlango wa gereji na kukohoa kabla ya kuingia jikoni, ili niondoke au nijifunike. Miaka sita tumeishi hivyo na sijawahi kumwona bila shati. Mimi ndiye mwanamke anayeheshimiwa na mkwe wake kuliko wote Toongabbie, Mama Esta alikuwa ananionea wivu, wa kwake anaingia jikoni na kaptula.

Basi Furaha akaambukizwa kazini. Wakampeleka kwenye hoteli walikokuwa wanawatenga wagonjwa, sisi tukafungiwa ndani wiki mbili, hakuna kutoka, hakuna kuingia. Manesi wa kutembelea walikuwa wamepungua, wengi wao nao wamefungiwa kwao. Nesi akanipigia simu, na mkalimani mwingine, kijana wa pwani.

"Mama, nesi anauliza, hapo nyumbani kuna mtu mzima?"

"Yupo mkwe."

"Sawa. Basi mkwe ashike kichwa, na mjukuu mkubwa afute ngozi. Nesi atawaelekeza kwa video."

"Haiwezekani."

"Mkwe ana mafua?"

"Hana mafua. Ni mkwe."

"Samahani, mama. Mkwe si kama mtoto wako tu?"

"Wewe umeoa?"

"Bado."

"Basi tafsiri."

Akatafsiri. Sijui alitafsiri vipi, maana nesi alijibu kwa upole kwamba wanaheshimu mila yangu, na wakipata mtu watamtuma. Niliona nimeshinda. Neema alikuwa na miaka kumi na miwili, nesi alishasema kichwa ashike mtu mzima. Kwa hiyo hakushika mtu.

Kola ikakaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkwe anapika. Anaweka chakula nje ya mlango wangu, anagonga, anarudi nyuma, Neema anakiingiza. Supu ya kuku na mrija, uji na mrija. Jioni anasimama nje ya mlango.

"Mama, habari ya shingo?"

"Ipo."

"Ndiyo, mama."

Supu ilikuwa inavuja kwenye kidevu na kushuka ndani ya sponji. Pakaanza kuwasha. Kisha pakawaka. Kisha nikasikia harufu, nikadhani ni panya amekufa ukutani, nikamtuma Neema atafute. Neema akanusa chumba kizima akaja kusimama mbele yangu. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba panya ni mimi, na machozi yanamtoka. Baba yake alisikia. Alikuja mlangoni.

"Mama, nikifunga macho?"

"Utashikaje kichwa umefunga macho? Nenda kapige simu tena."

Akapiga. Wakasema kesho au kesho kutwa.

Asubuhi iliyofuata sikuweza tena. Ilikuwa kama nimevaa chungu cha makaa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikaifungua kola mwenyewe, kwa mkono ule usioshika, nikivuta ile mikanda kwa gumba na kiganja. Nilitaka hewa tu, nikaushe kwa kikwembe, nirudishe. Kola ikaachia. Kichwa kikaanguka mbele. Ni kizito, Mama Esta alisema kweli. Nikasikia ndani ya shingo kitu kimegeuka, si kwa nguvu, kama kijiti kinavyogeuka kwenye shimo lililopanuka. Halafu umeme ukashuka mikono yote miwili mpaka vidoleni, nikaanguka ubavu kitandani, nikapiga kelele.

Alifika mlangoni mbio. "Mama! Niingie?"

Kikwembe kilikuwa kimeshuka. Kifua kiko wazi. "Usiingie!"

"Mama, niingie?"

"Nimesema usiingie!"

Hakuingia. Akaita ambulensi palepale mlangoni, kwa Kiingereza chake cha ghalani. Kisha nikasikia ameegemeza paji lake kwenye ubao wa mlango. "Usisogee, mama. Usisogee. Niongeleshe." Mimi siongei. Akaanza kuongea yeye. Alinieleza mashine za kubebea mizigo pale Ingleburn, ipi ina breki mbovu, msimamizi gani anajificha chooni, Mhindi gani amemfundisha kupika dengu. Miaka sita sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Aliongea mpaka walipofika.

Walikuja wavulana wawili wamevaa kama wanakwenda mwezini. Hawakukohoa mlangoni. Waliingia, mmoja akapiga magoti kichwani kwangu akanishika kwa mikono miwili, mwingine akanifunika, akanigeuza, akanifunga kwenye ubao. Watoto wa watu nisiowajua, wameniona chote na kunishika kote. Waliponitoa nje nilimwona mkwe wangu kwa pembe ya jicho. Amesimama bustanini kwenye baridi, amegeukia uzio, ili asinione.

Hospitali sikuruhusiwa mgeni. Nililala kwenye chumba cha peke yangu kwa sababu ya nyumba yetu kuwa na korona, nikihesabu vigae vya dari maana ndivyo pekee nilivyoweza kuona. Kidonda cha kidevuni kilioza mpaka kikahitaji kukatwa nyama. Kile cha nyuma nacho kikafunguka na kutoa usaha.

Daktari yule mfupi akaja na kompyuta yake. Alipima tena, nilimwona. Mstari mwekundu, namba, anafuta. Alipima juu, akapima chini. Simu iko kifuani kwangu, mkalimani ni yule wa kwanza.

"Mama, skrubu ya kulia imelegea. Imekula mfupa, shimo limepanuka."

"Aweke nene zaidi."

"Anasema ukuta uliobaki hautoshi. Juu mfupa ni mwembamba kuliko huu, na chini kuna usaha, hawezi kuweka chuma kwenye usaha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hatapasua tena, mama. Utavaa kola. Anasema wakati mwingine mfupa hujishika wenyewe."

"Wakati mwingine ni mara ngapi?"

Akauliza. Daktari alinitazama, akafunga kompyuta, akanishika mkono wa kushoto. Niliona ameushika. Kuhisi sikuhisi.

Nilirudi nyumbani miti ya maua ya zambarau ikiwa imechanua barabara nzima. Neema aliniambia, maana mimi siwezi kuinua uso kuitazama. Ndivyo nilivyo tangu hapo. Mkono wa kushoto ni wa kupamba. Wa kulia unashika kijiko chenye mpini mnene walichonipa, siku nyingine haushiki. Siwezi kuinamisha kichwa kuomba, naomba nimemkodolea Mungu macho. Miguu yangu sijaiona mwaka na zaidi. Yona akikaa sakafuni simwoni, nasikia tu magari yake. Amejifunza mwenyewe: akitaka kuniambia kitu anapanda kwenye kiti, ananiletea uso wake mbele ya wangu. Huo nao uhesabuni.

Furaha alipotoka hotelini alimgeukia mume wake. Niliwasikia jikoni.

"Ungeingia tu!"

"Mama alisema nisiingie."

"Kwani wewe ni mlango?"

"Furaha, ni mama yako. Ningemshika vipi?"

"Kama unavyoshika mama yeyote anayekufa!"

Wakakaa wiki nyingi hawaongei ila kwa kupitia watoto. Nyumba ikawa baridi kuliko majira yenyewe. Watu wa kanisa wakapiga simu, wengine wanasema kosa la mkwe, wengine kosa la manesi, mmoja akasema ni imani yangu ndogo, huyo nilimkatia. Nawaambia nyinyi mnaosoma, msinitafutie mwenye kosa. Yeye alifanya alivyolelewa na mimi nilifanya nilivyolelewa, na sote wawili tulilelewa vizuri. Mfupa haujali. Mfupa unajali tu kama kuna mtu ameshika.

Mwaka uliofuata mvua zilikuja zisizokwisha. Kola iko palepale. Nesi alinijia miezi michache kisha akasema familia sasa imezoea, itaendelea yenyewe. Mama Esta amehamia kwa mwanawe mbali. Na Furaha akarudishwa shifti za alfajiri, mume wake naye akahamishiwa za jioni. Asubuhi moja nikaamka, sponji imelowa, nyumba kimya, na jikoni nasikia mtu anakohoa.

Sikumwita hapohapo. Nilingoja Jumapili, wote wapo, bugali mezani. Nikamwambia Neema amwite baba yake chumbani kwangu. Alikuja mpaka kizingitini, akaangalia chini. Furaha nyuma yake, watoto nyuma ya Furaha.

"Ingia," nikasema.

"Mama, hapa panatosha."

"Nimesema ingia."

Aliweka mguu mmoja ndani. Jitu refu vile, linabeba makontena. "Mama, kwetu jambo hili linatolewa mbuzi kwanza."

"Toongabbie mbuzi yuko buchani tu, amekatwa vipande na kugandishwa. Utamtoa huyo?"

Furaha akaguna, na mume wake naye akaguna. Ilikuwa mara ya kwanza wacheke pamoja tangu baridi ile, na hata hapo hawakucheka, waliguna.

"Mikono yangu itatetemeka, mama."

"Itetemeke ikiwa imeshika."

Msidhani niliamka siku hiyo nikiwa na tumaini. Daktari alishapima, na mimi namba zake nazijua. Mkono huu hautarudi na wa kulia unafuata njia hiyohiyo. Nilichotaka ni nisioze tena nikiwa na watu wazima ndani ya nyumba. Nikawapa amri, na Furaha naye ilimhusu, kwa hiyo ameiandika kama nilivyoitoa:

"Kuanzia kesho, kichwa changu kinashikwa na aliye karibu. Akiwa binti ni binti, akiwa mkwe ni mkwe. Mlango huu usifungwe, na hakuna kukohoa nje. Neema, wewe maji ya vuguvugu na kitambaa safi. Furaha, ukirudi kazini lala, usije kukagua. Bahati," na hapo watoto wakatazamana, maana jina la baba yao hawakuwahi kulisikia kinywani mwangu, "kata kucha, nawa mikono, njoo ukae hapa kichwani. Na siku nikisema usiingie, ingieni."